Majina Sikioni mwa Baba

Jumatatu, 3 Februari

Maji yamekatika tena. Kabula, dada wetu wa kazi, alibeba ndoo kutoka kwa jirani kabla sijaamka. Nikaoga bila kuuliza yametoka wapi. Vipindi vinne. Mchana dagaa na ugali wa dona. Koo linawasha kwa vumbi la chaki.

Nimeanza kuandaa somo la mfumo wa utumwa kwa Kidato cha Tano. Sitaki kuwapa mashamba na migodi tu, hayo wameshayakariri. Nataka waingie ndani ya nyumba ya tajiri wa Roma. Kila kazi ilikuwa na mtu wake. Bawabu, ambaye katika nyumba nyingine alifungwa mnyororo palepale mlangoni. Mpishi. Msusi wa mama mwenye nyumba. Wa kumulika njia bwana akirudi na giza. Wa kuwasomea wageni wakiwa wanakula. Wa kuwapeleka watoto shule na kuwasimamia. Na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa majina. Alitembea karibu na bwana na kumnong'oneza: huyu anayekuja ni fulani, mwana wa fulani. Bwana anamwita mtu kwa jina lake. Mtu anaondoka na furaha, amekumbukwa na mkubwa.

Hapo nikaacha kuandika.

Alasiri alikuja mzee mmoja kumsalimia Baba. Kabula alileta jagi na beseni. Alimnawisha mgeni kwanza, kisha akapiga magoti mbele ya Baba na kuinamisha kichwa karibu na sikio lake, maji yakitiririka. Baba akainua uso. "Bugingo! Mwizi wa mapera!" Mzee wa watu akacheka mpaka akakohoa.

Mimi nilikuwa mezani na kitabu changu. Nikaona haya. Kisha nikaendelea kuandika.

Jumatano, 5 Februari

Niandike jambo hili mara moja liishe.

Baba alikuwa mkuu wa shule. Nusu ya watu wazima wa mji huu walipita mikononi mwake. Alisifika kwa kitu kimoja: hakusahau mwanafunzi. Angekutana na mwanamume mwenye mvi sokoni Kirumba, akamtaja jina, jina la baba yake, na dawati alilokalia. Watu wanakuja kwetu Pasiansi mpaka leo kwa ajili ya hilo tu. Kuitwa.

Mwaka jana akaniita kwa jina la shangazi. Baadaye funguo zikakutwa ndani ya sufuria. Daktari akatueleza. Mama akasema neno hili halitoki nje ya geti.

Ni kwa sababu ya Wini, mdogo wangu. Anaposwa na watu wa Bukoba, na watu wakitaka kuoa huchunguza ukoo. Kifafa, wazimu, mikosi. Mama anaogopa watasema maradhi ya Baba ni ya kurithi.

Kunong'ona kulianza kwenyewe. Kabula ndiye anayefungua geti, anawajua wote wanaokuja. Siku moja aliona macho ya Baba yanatangatanga kwa mgeni, akamtajia jina wakati anamnawisha. Mama akaona. Tangu siku hiyo imekuwa kazi yake, juu ya kufua, kupika, kudeki na kuchota maji. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemshukuru. Mimi pia.

Kabula si mtumwa. Analipwa, mlango uko wazi, akitaka anaondoka. Nimeliandika hili ili nilisome. Nimelisoma. Halijanisaidia.

Ijumaa, 7 Februari

Kabula amenijia wakati anaanika mashuka. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, watu wa Masanja wanakwenda kwao Bujora kujitambulisha. Masanja ni fundi seremala wa Kisesa. Kabula alimwomba Mama ruhusa tangu kabla ya Krismasi na Mama akakubali. Sasa watu wa Bukoba nao wamechagua Jumamosi hiyohiyo kuja kwetu. Amemkumbusha Mama. Mama amejibu, "Tutaona, mwanangu." Wote tunajua maana yake.

"Wewe dada Leti useme. Mama wewe anakusikia."

Nikasema nitasema. Nilikuwa namaanisha.

Akacheka kwa furaha. Ana mwanya. Amekaa hapa miaka miwili, leo ndiyo nimeuona mwanya wake.

Jumapili, 9 Februari

Nimesema na Mama baada ya misa. Alikuwa anavua viatu.

"Sasa nani atakaa na baba yako siku hiyo? Wewe?"

Nikasema naweza.

"Wewe unamjua nani? Hata majirani unawapita kama nguzo za umeme."

Ni kweli. Lakini washenga ni watu wachache, na wazee wenzake Baba ningeweza kuwakariri. Nimekariri mambo magumu zaidi ya hayo. Sababu haikuwa hiyo. Nilijiona nimepiga magoti na beseni mbele ya watu wa Bukoba, wakinipa mikono yao bila kunitazama. Kupiga magoti si neno, nimelelewa hivyo. Neno ni kwamba wangedhani mimi ndiye dada wa kazi.

Nikanyamaza. Mama akaona nimenyamaza.

"Wapigie kwao Kabula wewe. Wewe ni mwalimu, watakuheshimu. Wasogeze siku."

Najichukia kidogo usiku wa leo. Kidogo tu. Hilo nalo ni baya.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia mjomba wa Kabula. Ndiye anayesimamia mambo tangu baba yao afariki. Kila sentensi ameniita mwalimu. Nikaeleza.

"Mwalimu, wale wameshajiandaa. Wakija wakakuta binti hayupo, ni sawasawa na kuwafungia mlango usoni. Hawarudi tena. Tunakuomba umwachie."

Nikasema nimeelewa, mzee. Nikakata.

Kabula alikuwa jikoni anapara sato, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi.

"Wamesemaje, dada?"

"Wamekubali kusogeza."

Sikupanga kusema hivyo. Wala ulimi haukujikwaa.

"Mjomba? Yule mgumu vile?" Akapiga kisu juu ya ubao. "Basi kweli wewe ni mwalimu!"

Kabula hana simu. Mama hakutaka, anasema dada mwenye simu huleta wanaume getini. Akitaka kuongea na kwao hutumia yangu. Na binti hampigii mjomba kumuuliza habari za posa yake mwenyewe, ni kukosa haya. Nilijua yote mawili. Niliegemea hapo.

Ijumaa, 14 Februari

Nyumba imegeuzwa. Mapazia mapya. Viti vya kukodi. Mama amegombana na watu wa turubai. Kabula ameosha vyombo vya harusi ya Mama, vile visivyoguswa.

Nimefundisha lile somo. Wamelipenda. Deo, wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono. "Madam, mnong'onezi akiamua kumtajia bwana jina la uongo? Makusudi?"

Darasa likacheka. Wakaanza kubuni: bwana amwite hakimu kwa jina la punda wake. Nikasema angepigwa. Pengine angeuzwa.

Nikatoka kabla kengele haijalia.

Mjomba amepiga simu mchana. Sikupokea. Amepiga tena jioni. Nimezima sauti na kuigeuza simu kifudifudi. Bado kuna nafasi. Kabula anaweza kuondoka alfajiri na kufika Bujora kabla ya wageni. Bujora si mbali. Ni maneno mawili tu ya kumwambia.

Sijayasema.

Jumamosi, 15 Februari

Wamekuja. Wazee wanne, akina mama watatu wenye senene kwenye vikapu, na bwana harusi mtarajiwa na tai inayomkaba. Maneno matamu, vijembe, kicheko. Watu wa Bukoba wanajua kusema.

Kabula alivaa gauni la zamani la Wini. Alipita na beseni. Mgeni mmoja mmoja, kisha Baba. Akainama. Baba akaita kila mtu kwa jina, akamuuliza mshenga mkubwa habari za migomba yake. Mshenga akageukia wenzake: "Mnaona? Mzee kichwa bado sanduku la chuma!" Mama alinitazama. Nilitazama zulia.

Kisha desturi ya kumtambua binti. Wasichana watatu wakaletwa wamefunikwa khanga kutoka kichwani: Wini, binamu yetu, na Kabula, kwa kuwa hatukupata wa tatu. Wageni wakaanza utani wao. Huyu mrefu mno. Huyu ana miguu ya kukimbia. Mshenga akasema basi mzee mwenyewe atuonyeshe mwanawe, asije akatuuzia mbuzi kwenye gunia. Khanga zikafunuliwa.

Baba akainuka. Akampita Wini. Akamshika Kabula mkono.

"Huyu ndiye mwanangu. Ndiye anayekaa na mimi."

Kabula hakuuvuta mkono. Alimwinamia Baba, midomo ikatikisika: alikuwa anamtajia jina la Wini. Baba akatikisa kichwa. "Ni huyu," akarudia.

Mshenga akapasua kicheko. "Eeh! Mzee ana utani huyu! Basi tunaongeza ng'ombe, tunawachukua wote wawili!" Ukumbi wote ukacheka. Vigelegele. Mama akacheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Wini akavutwa mbele, akavishwa pete, akapigwa picha. Siri ikapona.

Wini amelia chooni. Nilimshika mabega.

Lakini si Wini niliyekuwa nikimwona. Nilimwona Kabula amesimama katikati ya ukumbi amevaa kama binti wa kuposwa, watu wazima wakimkagua kwa kicheko, saa ileile ambayo kwao Bujora wageni wake walikuwa wameketi wakiuliza yuko wapi. Yeye alikuwa anatabasamu. Alidhani siku yake bado inakuja.

Mimi ni mtu mbaya. Naliandika bila mapambo.

Jumapili, 16 Februari

Mjomba amekuja mwenyewe. Kengele ya geti. Kabula akaenda kufungua kama kawaida.

Nilikuwa dirishani. Sikusikia maneno. Nilimwona akipiga magoti kumwamkia, kisha akibaki hapohapo chini, mkono kwenye changarawe. Mjomba alisema kwa muda mrefu. Mama akatoka kumkaribisha ndani. Alikataa. Akapelekewa maji. Alikataa maji.

Kabula akaja chumbani kwangu. Hakubisha hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Dada Leti. Uliniambia wamekubali."

"Ndiyo."

"Walikubali?"

"Hapana."

Nilingoja anitukane. Ningefarijika. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha dukani, akihakikisha kama amefika duka lenyewe. Kisha akasema baba wa Masanja ametangaza mbele ya watu kwamba binti asiyekuwepo kwao siku ya wageni ana bwana mjini. Alilisema taratibu. Akaenda kufunga vitu vyake.

Mama akasema, "Jamani, mpaka Jumatatu basi, nguo za baba yako ziko kwenye maji." Alilisema kweli. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Wameondoka wote wawili, mjomba mbele, mfuko begani kwa Kabula. Baba aliuliza yule mtoto anakwenda wapi.

Nimefua mimi.

Jumanne, 18 Februari

Sijala vizuri. Nimeingia chumba chake kwa mara ya kwanza. Ni stoo. Godoro liko kati ya gunia la mchele na pasi mbovu. Dirisha ni tundu la tofali moja. Nimeishi futi chache kutoka hapo nikisoma jinsi watumwa wa Roma walivyolala kwenye vijia na nyuma ya majiko, nikiweka mstari chini ya sentensi.

Mama anatafuta dada mwingine. Ameshapiga simu Magu.

Nikamwambia nitakwenda Bujora nikaseme ukweli. Akasema nitaivua nguo nyumba yetu mbele ya watu. Nikasema nguo hiyo ilishonwa kwa ngozi ya mtu. Maneno makubwa. Ninajua kusema maneno makubwa.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekwenda. Gari kutoka Buzuruga mpaka Kisesa, kisha bodaboda. Nilibeba sukari na mchele. Mama yake Kabula alivipokea kwa mikono miwili, na hilo likaniuma kuliko kama angevitupa.

Mjomba alikuwepo. Nilimwomba amwite baba wa Masanja. Akaja na Masanja mwenyewe, kijana mpole mwenye unga wa mbao kwenye nywele, ambaye muda wote alitazama viganja vyake. Kabula alikuwa pembeni kwenye mkeka anachambua choroko. Hakuacha.

Nikasimama. Nikasema mjomba alikataa siku kusogezwa. Kwamba mimi nilimwambia Kabula imesogezwa. Kwamba hakuna bwana, hakuna mjini, kuna uongo wangu tu. Nikasema na sababu. Nikasema Baba anasahau, na tulikuwa tunamtumia Kabula kulificha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yao. Usiku kucha nilikuwa nimezipanga hasira zao kichwani.

Baba wa Masanja akapiga paja. "Aaa! Kumbe! Basi yamekwisha. Mwalimu mzima ametoka mjini kuja kusema, nani tena abishe?"

Ikaletwa soda. Nikapewa kiti chenye mto. Mjomba akanishukuru, mimi, kwa ujasiri wangu. Wakaanza kupanga siku nyingine, baada ya palizi.

Kabula akasema bila kuinua kichwa:

"Jumapili ile nilisema hayohayo."

Wakamgeukia.

"Nilisema dada Leti aliniambia imesogezwa. Nikasema na ya mzee. Neno kwa neno. Wote mlikuwepo hapa. Masanja, na wewe ulikuwepo."

"Wewe ulikuwa unajitetea," mjomba akasema. "Mwalimu ni shahidi."

Soda ilikuwa mkononi mwangu. Sikujua pa kuiweka. Kule Roma neno la mtumwa mahakamani lilipokelewa baada ya mateso tu. La bwana lilitosha lenyewe. Ijumaa ile niliwaambia wanafunzi jambo hilo kama kioja cha zamani. Nimekwenda Bujora kumrudishia jina lake, na nilipofungua mdomo nikathibitisha mbele ya watu wake kwamba neno lake peke yake halina uzito.

Kabula akamwaga choroko kwenye ungo. "Mje baada ya palizi. Mtanikuta. Lakini jibu nitatoa mimi, nami bado ninafikiri." Hakumtazama Masanja. Masanja alifumba viganja.

Nilimwendea mkekani kabla ya kuondoka. Nikapiga magoti. Nikamwomba msamaha.

"Nimesikia," alisema.

Si nimekusamehe. Nimesikia.

Mjomba ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Kabula aliendelea na choroko zake. Ni haki yake. Natamani ningekuwa nalia kwa ajili yake peke yake, lakini sehemu ya kilio ilikuwa yangu, kwa kuwa sikusamehewa. Hata hapo nilijitafuta mwenyewe.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda misa. Mvua asubuhi, kisha jua.

Wini ameamua kumweleza mchumba wake mwenyewe habari za Baba. Mama hasemi na mimi. Ananipitishia chumvi bila kunitazama.

Mchana amekuja mgeni, mwanamume wa makamo, shati jeupe, samaki wawili kwenye mfuko. Nilimfungulia geti. Simjui. Nikamuuliza jina, nikaona aibu kumuuliza, nikaleta jagi na beseni. Nilimnawisha. Nikapiga magoti mbele ya Baba na maji yangu. Nilikuwa nalo jina mdomoni.

Baba alimtazama yule mtu kwa muda. Hakuonekana kuogopa.

"Karibu, baba. Unisamehe. Sikukumbuki."

Mama akasimama mlangoni, mkono kinywani.

Mgeni akaweka samaki chini. Akasogeza kiti karibu, magoti yake yakigusana na ya Baba. "Hata mimi nimezeeka, mwalimu. Ni Mathias. Mathias wa Sengerema."

"Mathias," Baba akasema. "Mathias."

Wakaongea habari za mvua. Baadaye Baba aliuliza tena jina, naye Mathias akalitaja tena, kwa sauti ileile.

Ndivyo tu. Kumbe ilikuwa sentensi moja, na hakuna aliyekufa.

Nimekaanga samaki. Nimeosha vyombo. Mikono inanuka shombo, na nimeiacha hivyo.